Miezi Kumi na Sita Bila Bwana Hapana

Kwanza ni ngurumo. Inaanzia sakafuni, inapanda ukutani, inatikisa vitasa vya milango ya korido nzima, kisha inakatika ghafla. Kimya. Halafu, ndani ya kimya hicho, vidole: ta-ta-ta, ta-ta, ta-ta-ta-ta.

Ni saa moja na robo asubuhi, chumba cha kufulia cha hospitali. Ngurumo ni ya mashine tatu zinazokamua mashuka. Vidole ni vya mwanamke wa miaka thelathini na sita, aproni ya plastiki kifuani, viatu vya mpira miguuni, amesimama mbele ya meza ya kupigia pasi. Kwenye kona ya meza hiyo, juu ya taulo lililokunjwa mara nne ili mtikisiko usiifikie, kuna kompyuta ndogo iliyopasuka kioo pembeni.

"Mzunguko mmoja dakika arobaini na mbili," anasema bila kuinua macho. "Toa muda wa kukunja, toa muda wa kupiga pasi, zinabaki kumi na tano. Kumi na tano zikiwa zako kweli, ni nyingi."

Wenzake humwita Injinia wa Mashuka. Walianza kwa kumcheka. Siku hizi wanacheka naye, na msimamizi wa chumba, mama mmoja mwenye sauti ya kushindana na mashine, amepiga marufuku mtu yeyote kuweka kikombe karibu na ile kompyuta.

"Mkikimwagia chai hicho kidude," anawaambia, "mtazitafuta zamu zenu kwa tochi."

Anasema kweli. Ndani ya kompyuta hiyo mna Zamu, programu inayopanga nani anaingia kazini lini: manesi, wahudumu, walinzi, wafuaji. Ni programu huria, yaani yeyote anaweza kuichukua bila malipo, akaisoma ilivyoandikwa mstari kwa mstari, akairekebisha. Hospitali na zahanati mia mbili na kumi na nne zimejitambulisha kwamba zinaitumia. Zisizojitambulisha, Mungu anazijua.

Na anayeitunza, anayepokea lawama zake na kutoa matoleo yake mapya, ni huyu anayekunja mashuka.

Watu wakisikia neno "bure" hudhani kitu kimeota chenyewe kama majani baada ya mvua. Hakikuota. Kila asubuhi nesi anapotazama karatasi ukutani na kujua kwamba kesho atalala kwake, kuna mtu aliyesimama na viatu vya mpira akahakikisha hilo. Mwaka jana waliochangia chochote walikuwa kumi na wawili, na michango yao yote ilitosha betri moja. Waliotuma malalamiko walizidi mia tisa.

"Mimi silalamiki," anasema. Kisha anacheka. "Sawa, nalalamika. Lakini si kuhusu hela."

Analalamika kuhusu kaka yake.

Zamu ilizaliwa miaka saba iliyopita, nyumbani kwao. Siku hiyo alikuwa amerudi kazini akiwa amevimba kwa hasira. Karatasi ya zamu, iliyoandikwa kwa mkono na kufutwafutwa, ilikuwa imemwonyesha kwamba yuko mapumziko. Daftari la msimamizi likasema ametoroka. Kaka yake, fundi wa kompyuta aliyemzidi miaka minne, alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta kiti.

"Hakuniambia pole," anakumbuka. "Kaka hajui kusema pole. Anajua kusema, 'Hebu nieleze.' Akaniambia, hebu nieleze hiyo karatasi inavyokosea."

Kaka akaandika mistari ya kwanza. Dada, ambaye mpaka siku hiyo alikuwa hajagusa kompyuta ila kuipangusa vumbi, akakaa pembeni yake jioni baada ya jioni akiuliza maswali. Mwezi wa tatu alinyoosha kidole kwenye kioo na kusema hapo umekosea. Kaka akatazama. Akatazama tena.

"Aliinuka, akanipa kiti. Mpaka leo hicho ndicho cheti changu."

Kosa lake mwenyewe lilikuja mwaka wa pili. Kujaribu programu kunahitaji watu wa kubuni, na yeye alikuwa amejibunia manesi wake wa majaribio: Nesi Usingizi, Nesi Chai, Daktari Kesho. Ijumaa moja, peke yake na kwa haraka, alitoa toleo jipya akasahau kuliondoa faili la majaribio. Hospitali kumi na tisa zikalipokea. Jumatatu, katika wodi moja ya wanawake, karatasi ilionyesha manesi watatu wa usiku. Wawili kati yao walikuwa Usingizi na Chai. Yule wa kweli alihudumia wagonjwa ishirini na wanane peke yake.

"Hakuna aliyedhurika. Lakini alinipigia simu asubuhi. Hakunitukana. Aliniuliza tu, 'Usingizi ni nani? Nimemsubiri mpaka kumekucha.'"

Ndipo kaka akaweka sharti lililobaki kuwa sheria ya Zamu: hakuna toleo linalotoka kwa mkono mmoja. Mmoja anaandika, wa pili anakagua na kutoa idhini. Programu yenyewe ikaandikwa hivyo, kwamba kompyuta ya hospitali ikiletewa toleo lisilo na idhini mbili, ilikatae.

Kaka alikagua kama anayeangalia daraja ambalo mama yake atalipita. Alirudisha kazi kwa neno moja. Na kwa kuwa katika programu huria kila mazungumzo yako wazi kwa watumiaji wote, haikuchukua muda wakampa jina. Wakamwita Bwana Hapana.

Majibu yake bado yapo, yeyote anaweza kuyasoma. "Hapana, mdogo wangu. Mstari wa arobaini." "Hapana. Umechoka, kalale." "Hapana, na unajua kwa nini."

Miaka mitatu iliyopita alihamia mji mkubwa kutafuta kazi nzuri zaidi. Umbali haukuharibu kitu mwanzoni. Kila miezi mitatu toleo lilitoka. Kisha ile kazi nzuri ikaota mbawa. Majibu yakawa mafupi, simu zikawa chache. Miezi kumi na sita iliyopita alimkatalia dada yake badiliko lilelile mara nne. Dada alikuwa ameunganisha zamu mbili za mashuka ya chumba cha upasuaji. Mikono ikimwasha kwa dawa ya kufulia, aliandika: "Basi kaa na hapana yako."

Kaka hakujibu. Hajajibu mpaka leo.

Ujumbe arobaini na moja umetumwa tangu hapo. Kwamba yuko hai, wanajua. Miezi kumi iliyopita binamu yao alimwona akishuka ngazi za jengo moja la ghorofa nyuma ya soko la vyuma chakavu. Amekonda. Binamu alipoita, aliongeza mwendo.

"Watu wanadhani namkumbuka kwa mambo makubwa," anasema Injinia wa Mashuka, akinyoosha shuka kwa kiganja kana kwamba lina homa. "Namkumbuka kwa kunikatalia. Miezi kumi na sita hakuna aliyeniambia hapana. Walikuwa wananiambia asante, au wananitukana. Hakuna aliyenisoma."

Tarehe ishirini na tatu mwezi uliopita simu yake iliita katikati ya mzunguko wa pili. Alikuwa nesi mkuu wa wodi ya wazazi, hospitali ya mbali, mtu ambaye hawajawahi kuonana.

"Dada wa Zamu, hii programu yako ina kisa gani na mimi?"

"Imefanya nini tena, dada?"

"Imemsahau mzazi wangu! Nesi wangu yuko likizo ya uzazi. Mwezi ulipoisha, na likizo yake ikaisha humo kwenye karatasi yako. Tarehe moja wamempigia kumuuliza mbona hajaripoti. Amepokea simu ananyonyesha. Kichanga cha siku tisa!"

"Nalijua tatizo. Likizo ikivuka mwezi..."

"Unalijua? Basi mimi mwezi ujao wanavuka watatu, kati ya kumi na mmoja. Tarehe ishirini na tisa nabandika karatasi. Nibandike majina ya watu wasiokuwepo? Nani atapokea watoto? Au nirudi kwenye penseli na kifutio? Sema tu, nikanunue kifutio."

Marekebisho ya hitilafu hiyo yalikuwa tayari. Yalikuwa tayari kwa wiki tano, yamekaa ndani ya kompyuta yakisubiri idhini ya pili kutoka kwa mtu asiyejibu.

Njia ilikuwepo. Ghala la mtandaoni linalohifadhi Zamu lina utaratibu: mtunzaji akinyamaza zaidi ya mwaka, mwenzake anaweza kujaza fomu na kumweka mwingine. Mtu mwenyewe alikuwepo pia, mwalimu wa hisabati wa sekondari moja, ambaye kwa miaka miwili amekuwa akituma masahihisho safi bila kuombwa. Fomu inachukua dakika mbili. Alikuwa ameifungua mara kumi na moja na kuifunga mara kumi na moja.

Kilichomshinda ni swali moja. Fomu inataka sababu, na inatoa tatu za kuchagua: ameacha kwa hiari, amefariki, ameondolewa.

Jumamosi alasiri aliifungua mara ya kumi na mbili, sebuleni kwao. Mama yake, mwenye miaka sitini na nane, alikuwa akishona kifungo cha gauni la kazini. Kila Jumapili kwa miezi kumi na sita mama huyu ameuliza swali lilelile: jina la kaka yako bado lipo humo? Akijibiwa lipo, hupumua na kuendelea na shughuli zake. Mama hajui kompyuta. Anachojua ni kwamba kuna mahali jina la mwanawe limeandikwa na halijafutwa.

"Nisomee," alisema.

Akamsomea zote tatu.

"Hivyo tu? Hakuna 'amenyamaza'?"

"Hakuna, Mama."

"'Yuko njiani' je?"

"Mama, hawa watu hawamjui. Ni fomu."

"Fomu haina wazazi." Mama akavuta uzi. "Basi weka ameacha, tumalize."

"Hakuacha."

"Wewe unajuaje?"

"Angeacha angetoa sababu. Kaka hata sukari alipoiacha alitueleza wiki nzima."

Mama alitabasamu, lakini kidogo. Binti akarudisha macho kwenye kioo.

"Nitaweka ameondolewa."

"Ameondolewa na nani?"

"Na mimi."

Mama akakata uzi kwa meno. "Kitu alichokijenga kwa mikono yake, humu humu ndani, wewe unamfukuza. Haya. Ni juu yako." Akainuka, akaingia chumbani kwake. Gauni lilibaki kitini na sindano ndani ya kifungo.

Binti alijaza fomu. Anapoulizwa kwa nini alichagua neno zito kuliko yote, ana sababu yake.

"Nikiandika ameacha, namsingizia. Siku akifungua akalikuta, atasema mdogo wangu amenitangazia uongo. Akikuta ameondolewa, atajua ni mkono wa nani, na atajua pa kuja kugombana." "Nataka aje tugombane."

Jioni hiyohiyo alimpigia mwalimu wa hisabati. Walikuwa hawajawahi kusikiana sauti.

"Mwalimu, nakuomba uwe mkono wa pili."

"Mahali pa Bwana Hapana?"

"Mahali pake."

"Dada, mimi kiti cha mtu siwezi kukikalia chote."

"Viti ni viwili tu, Mwalimu. Hakuna cha tatu."

"Basi nitakaa ukingoni."

Jumanne, saa nne asubuhi, mashine zote tatu zikiwa katika kukamua, jibu lake la kwanza lilifika. Dada alikuwa ametuma marekebisho yake ya wiki tano akiwa na hakika nayo kama anavyojua jina lake. Jibu lilisomeka hivi: "Hapana, dada. Likizo ya uzazi inavuka miezi mitatu. Hesabu yako inavuka mmoja. Mwezi wa katikati mzazi anarudishwa kazini."

Alisoma amesimama. Akasoma tena. Akavua glavu, akaketi juu ya furushi la mashuka, akajifunika uso.

Msimamizi akaja mbio. "Kuna msiba?"

"Hapana, mama. Nimekosolewa."

"Ndiyo unalia?"

"Ndiyo."

Msimamizi akalitazama lile furushi. "Haya, basi hamia kwenye machafu. Hayo unayoyalowesha yalishakauka."

Chumba kizima kikaangua kicheko, na yeye akacheka katikati ya machozi yake. Mizunguko miwili baadaye hesabu ilikuwa inavuka miezi mitatu. Mwalimu akaikataa tena, safari hii kwa sababu ya mwaka unaogeuka likizo ikiwa katikati. Mzunguko mmoja zaidi.

Jumatano, tarehe ishirini na nane, saa tisa alasiri, toleo la ishirini na mbili la Zamu lilitoka na idhini mbili. Hakukuwa na vigelegele. Kwenye kioo kilichopasuka mstari mmoja uligeuka kijani. Mfanyakazi mmoja aliuliza kama mapazia ya wodi ya pili yameshatoka. Injinia wa Mashuka akasema yametoka, akaenda kuyaleta. Kabla ya saa kumi, nesi mkuu wa wodi ya wazazi alikuwa ameandika: "Imewakumbuka wote watatu. Kifutio nimempa mwanangu."

Hospitali mia mbili na kumi na nne. Kesho yake watu wasiohesabika walitazama ukutani wakaona majina yao mahali panapostahili, wakaendelea na chai zao. Hakuna aliyeuliza. Ndivyo kazi hii ilivyo ikifanywa vizuri, na ndiyo sababu inafaa mara moja moja mtu apaaze sauti na kusema: kuna binadamu hapa.

Kabla ya kutoka kazini Jumatano hiyo alifanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka mitatu. Alimfuata msimamizi na kuomba likizo.

"Wewe?" Msimamizi alishika kiuno. "Nilidhani umekuja humu pamoja na mashine, kwenye boksi moja."

"Siku kumi, mama. Kuanzia tarehe saba."

"Na malalamiko ya hicho kidude atayapokea nani?"

"Mwalimu. Amekubali."

"Basi nenda. Na ukarudi umenenepa."

Nyumbani, mama yake alikuwa mlangoni. Tangu Jumamosi walikuwa wamezungumza kwa maneno ya lazima tu: maji yamechemka, funga dirisha. Binti alivua viatu, akakaa kwenye kizingiti, miguu nje. Mama naye akaketi, si karibu sana.

"Umemtoa?"

"Nimemtoa, Mama."

Mama alitazama barabara. Mtu mmoja alipita akisukuma baiskeli yenye pancha, akawasalimu, wakaitikia.

"Nimekuwa nikimsubiri mahali pasipo pake," binti alisema. "Jina liko kwenye orodha, nikajiambia basi yupo. Kila asubuhi nafungua, naliona, natosheka, nafua. Na wewe kila Jumapili unaniuliza, unatosheka. Mama, kaka hakai kwenye orodha. Anakaa nyuma ya soko la vyuma. Binamu ametuambia miezi kumi sasa, na hakuna aliyeinuka."

"Wewe ulikuwa na kazi."

"Nilikuwa na aibu. Kazi niliifanya kisingizio tu."

Mama akavuta kitambaa chake begani, akasogea, mpaka mabega yao yakagusana.

"Tarehe saba nakwenda, Mama. Nimepewa siku kumi. Nitamleta, nakuahidi. Utamwona hapa hapa mlangoni."

"Usiniahidi ya kwake," mama alisema. "Yake anayajua mwenyewe. Niahidi ya kwako."

Binti akauchukua mkono wa mama yake, ule wa kushonea, akauweka juu ya goti lake na kuufunika kwa mikono yake miwili iliyochubuka kwa sabuni.

"Basi nakuahidi ya kwangu. Nitapanda zile ngazi na kugonga. Asipofungua, nitamwomba msamaha nikiwa nje ya mlango, kwa sauti, majirani wasikie. Kesho yake nitarudi. Siku zote kumi, Mama, nitagonga."